Nyuzi Arobaini Chini ya Sifuri

Saa nane mchana, Obunga. Bati la gereji linalia tik, tik,
likijinyoosha kwa jua. Ng'ambo ya barabara
mgongo wazi unachemka kwenye mafuta meusi,
na skana yangu, iliyofungwa kwa mpira na selotepu,
inaniambia kwamba ndani ya gari la Sista Rasoa
kuna barafu.

Nyuzi arobaini chini ya sifuri.
Kisumu!
Wesonga anacheka mpaka bisibisi inamponyoka:
"Fundi, tuleteni soda tuziweke humo."

Betri ina vipima joto vitatu, vimelala kifuani mwake.
Cha kwanza: thelathini na nane. Cha tatu: thelathini na tisa.
Cha katikati peke yake ndicho kinachotetemeka.

Fundi wa Kondele alishamwambia betri imekufa,
laki moja na themanini, au auze gari kwa kilo.
Wa pili alifuta msimbo, akala elfu mbili,
taa ikawaka tena kabla Sista hajafika Kibuye.
Mimi sina haraka. Gari lenye nyaya za rangi ya chungwa
haliendewi kwa pupa. Nimeng'oa plagi ya usalama,
nimeitia mfukoni mwangu mwenyewe, nimevaa glavu,
nimehesabu dakika kumi. Umeme hauna binamu.

Kiti cha nyuma, nje. Kifuniko, nje. Njugu karanga,
kalamu ya mtoto, vumbi la Ahero laini kama unga wa mtama,
na feni iliyolala fofofo,
maana nani humpepea mtu wa barafu?

Hapa ndipo Sista anauliza, "Kwa nini kinadanganya?"

Hakidanganyi, namwambia. Hakisemi kitu.
Kidude hiki kikipata joto hulegeza mlango, umeme upite;
kikipata baridi hubana.
Sasa kikikatika ndani hakipitishi hata chembe,
na kompyuta, ambayo haijawahi kuuguza mtu,
husikiliza ule ukimya, ikaandika:
baridi, baridi kuliko zote.

Ametoka zamu ya usiku, hajalala, viatu vyeupe mkononi.
"Wodini kwetu," anasema, "mtoto asiyelia
ndiye tunayemkimbilia kwanza."

Sijibu. Nachomoa soketi,
naziunganisha pini zake mbili kwa kipande cha waya:
skrini inaruka kutoka barafu hadi tanuri.
Basi njia ni nzima. Anayesikiliza yupo.
Aliyenyamaza ni huyu hapa, mdogo kama punje ya mahindi.
Namgusa kwa mita, nayo inaandika moja,
kushoto kabisa, moja isiyo hesabu,
moja ya mtu aliyeachwa stendi usiku.

Kwenye betri ya gari lililogongwa Awasi
nilimwekea akiba ndugu yake.
Nambana kwapani, kama mama asiye na kipimajoto
anavyobuni homa, na namba zinateremka:
elfu saba na mia nne, saba kasoro, sita na nusu.
Huyu anahisi.

Nikamfunga mahali pa mwenzake, nikarudisha kila kitu
isipokuwa njugu, ambazo Wesonga
anasema hakuziona.

Plagi inatoka mfukoni na joto la paja langu.
Washa.
Thelathini na nane. Thelathini na tisa.
Katikati: arobaini na saba.

Hatushangilii. Hapo ndipo palipokuwa pakiungua
siku zote zile tulizosoma barafu.
Feni inavuta pumzi ndefu nyuma ya kiti,
na Sista anaweka kiganja kwenye tundu lake,
anakiacha hapo,
kwa mazoea ya kazi,
akihesabu.